Barua za mkono katika pwani ya Waswahili

Barua ya mkono ni ujumbe ambao mtu huuandika kwa kalamu juu ya karatasi na kumpelekea mtu mwingine. Katika pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Kilwa, barua za Kiswahili ziliandikwa kwa muda mrefu kwa herufi za Kiarabu, na katika karne ya 20 zaidi kwa herufi za Kilatini. Makala hii inahusu hasa barua za wasanii, yaani wanakili, washairi na wachongaji. Katika barua za watu hao mwandiko wenyewe ni sehemu ya ujumbe: humtambulisha mwandishi, huonyesha ustadi wake na hudhihirisha jinsi alivyomthamini aliyemwandikia.

Majina

Kiswahili kina maneno kadhaa kwa jambo hili. Neno "barua" ndilo la kawaida leo. "Waraka" lilitumika sana zamani kwa maana ya barua, na siku hizi hutumika zaidi kwa hati rasmi za ofisi au za dini. "Hati" laweza kumaanisha maandishi yoyote yenye uthibitisho, na pia mwandiko wa mtu: husemwa kwamba fulani "ana hati nzuri". Matumizi haya ya pili yana asili katika neno la Kiarabu lenye maana ya mstari, ambalo pia ni jina la sanaa ya kuandika kwa madaha. Kwa hiyo katika lugha yenyewe kuandika na kupamba vimekaribiana.

Barua za kale

Maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yanayojulikana ni barua. Ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno waliokuwa Msumbiji na kwa washirika wao wa pwani. Nakala asilia zimehifadhiwa katika nyaraka za kihistoria za Goa, Uhindi, mji uliokuwa makao makuu ya Wareno katika Bahari ya Hindi.

Barua hizo zilihusu siasa na uhusiano wa watawala. Hata hivyo zinathibitisha kwamba mwanzoni mwa karne ya 18 Waswahili walikuwa tayari wamezoea kutumia lugha yao wenyewe katika mawasiliano ya maandishi, ingawa Kiarabu kilikuwa lugha ya elimu na dini.

Katika karne ya 19 barua ziliongezeka pamoja na biashara. Wafanyabiashara wa Zanzibar, Bagamoyo, Pangani na Mombasa waliandikiana kuhusu bidhaa, madeni, safari na habari za ndugu. Barua nyingi hazikupitia ofisi yoyote. Alipewa nahodha wa jahazi, mkuu wa msafara au jamaa aliyekuwa akisafiri, naye akaikabidhi mkononi mwa mwenyewe.

Muundo wa barua

Barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ilikuwa na mpangilio uliofahamika. Ilianza kwa kumtaja anayeandikiwa kwa sifa za heshima, mara nyingi kwa maneno ya Kiarabu kama jenabu na sheikh. Baada ya hapo zilikuja salamu na habari za afya. Ndipo likafuata neno la kuvukia kwenye shauri lenyewe, kama "ama baada" au "baadaye nakuarifu". Mwisho ulikuwa na salamu tena, tarehe ya mwaka wa Hijria na jina la mwandishi.

Jina hilo mara nyingi lilitanguliwa na neno "katabahu", maana yake "ameiandika". Pengine liliongezwa neno "biyadihi", yaani "kwa mkono wake". Nyongeza hii ilikuwa na uzito. Si kila aliyetuma barua alijua kuandika. Wengi walimwendea mwalimu wa chuo au karani, wakamwambia ya kusema naye akayaandika. Aliyeandika kwa mkono wake alimjulisha mwenzake kwamba hapakuwa na mtu wa tatu kati yao.

Mpangilio wa karatasi nao ulisomwa. Nafasi iliyoachwa juu, ukubwa wa herufi za jina la mpokeaji na unyoofu wa mistari vilionyesha adabu. Karatasi ilipojaa kabla maneno hayajaisha, mwandishi aliendelea pembeni kwa mistari ya kuinama, au aligeuza karatasi na kuandika ukingoni. Mara nyingi katika maneno hayo ya pembeni ndimo zinamopatikana salamu za mke, za watoto na za majirani. Barua ilikunjwa mara kadhaa na jina la mpokeaji likaandikwa upande wa nje, bila kuhitaji bahasha.

Kalamu, wino na karatasi

Neno "kalamu" asili yake ni tete au mwanzi uliochongwa ncha. Ncha hiyo hukatwa kwa mshazari. Ikivutwa upande mmoja hutoa mstari mnene, ikivutwa upande mwingine hutoa mstari mwembamba. Ndiyo sababu herufi moja ya hati ya Kiarabu huanza nyembamba, ikanenepa katikati na kuishia kama unywele. Kalamu ya risasi au ya wino wa kisasa haitoi tofauti hiyo kwa urahisi.

Wino mweusi ulitengenezwa kwa masizi yaliyochanganywa na utomvu wa mti ili ushike karatasini. Wino mwekundu ulitumika kwa vichwa vya habari, kwa alama za kutenga mishororo ya mashairi na kwa mapambo. Mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulikuwa mashuhuri kwa wanakili wake, na nakala za Kurani zilizopambwa huko zinaonyesha jinsi ufundi huo ulivyofika mbali. Karatasi ililetwa kwa meli kutoka nje, hivyo ilikuwa na bei, na mtu alifikiri kabla ya kuichafua.

Anayeitazama barua ya mkono kwa makini anaweza kuona mahali kalamu ilipochovywa upya, kwa kuwa wino unakoza ghafla. Anaona palipofutwa na palipoandikwa kwa haraka. Mambo hayo ni kumbukumbu ya muda ule mwandishi alipokuwa ameketi na karatasi yake.

Kusoma mwandiko wa mtu unayemfahamu

Herufi za Kiarabu hazikutosha sauti zote za Kiswahili. Katika mwandiko wa zamani herufi moja ilibeba sauti kadhaa. Herufi ya "be" yenye alama ya a iliweza kusomwa ba, pa, mba au mpa. Herufi ya "fe" ilisimama mara nyingi kwa f na kwa v, hivyo "alifua" na "alivua" yangeweza kuandikwa sawasawa. Alama moja ilitumika kwa i na e, nyingine kwa u na o.

Msomaji aliamua maana kwa kufuata muktadha. Kama mpokeaji alijua kwamba nduguye ni mvuvi, alijua pia kwamba nduguye "alivua". Kwa sababu hiyo barua kwa hati ya zamani ilisomeka vizuri zaidi kwa yule iliyeandikiwa kuliko kwa mgeni aliyeiokota. Alisoma kwa macho huku akisikia sauti na lafudhi ya mwenzake. Ukaribu wa watu wawili ulikuwa sehemu ya ufunguo wa maandishi.

Wataalamu kadhaa wa pwani walijitahidi kuondoa utata huo kwa kuongeza nukta na alama. Mjini Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, alishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor katika kukusanya na kueleza mashairi ya zamani, yakiwemo ya Muyaka bin Haji, na katika kurekebisha herufi zitoshe sauti za Kiswahili.

Muhamadi Kijuma wa Lamu

Mfano bora wa msanii aliyeacha barua ni Muhamadi bin Abubakari Kijuma, anayeitwa pia Kijumwa, wa Lamu. Aliishi takribani kati ya mwaka 1855 na 1945. Alikuwa mchongaji wa milango, mnakili, mshairi na mwanamuziki. Watafiti wengi wa ushairi wa Kiswahili wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 walimtegemea, miongoni mwao Alice Werner na William Hichens wa Uingereza na Ernst Dammann wa Ujerumani, ambaye alikaa Lamu katika miaka ya 1930.

Kijuma aliwanakilia watafiti hao tenzi na mashairi kwa mkono wake. Utenzi wake wa Fumo Liyongo, wa mwaka 1913, ulitolewa baadaye mjini Dar es Salaam mwaka 1973 pamoja na maelezo ya Abdilatif Abdalla. Pamoja na nakala za tungo alituma barua. Barua hizo zinazungumzia kazi: tungo aliyoipata, maneno ya Kiamu yanayohitaji kuelezwa, malipo yanayosubiriwa. Hazikuandikwa kwa nia ya kuonyeshwa ukutani. Hata hivyo zilitoka katika mkono uleule ulionakili tenzi.

Hati ya Kijuma ni ya wazi na ina irabu zilizotiwa kwa uangalifu. Katika kazi alizowaandikia watafiti alitumia pia herufi zilizoongezewa alama, ili mgeni asiyekulia Lamu aweze kutofautisha sauti. Hapa kuna jambo la kuangaliwa. Barua kwa jirani iliweza kuacha mengi, kwa kuwa jirani alijua. Barua kwa mgeni wa London au Ujerumani ilihitaji kila alama. Wingi wa alama katika mwandiko wa Kijuma ni kipimo cha umbali uliokuwapo kati yake na wasomaji wake, na vilevile ni ishara ya juhudi yake ya kuupunguza.

Uchongaji na uandishi havikuwa mbali katika kazi yake. Mlango wa Lamu una miimo miwili, mfaa katikati na kizingiti juu, na fundi hugawa kila sehemu kabla hajatia tindo, kwa sababu mti ukishakatwa haurudi. Mnakili naye hupima ukurasa kabla hajatia wino. Mtu aliyezoea kazi zote mbili anafahamu kwamba nafasi tupu nayo ni sehemu ya pambo.

Maisha na kazi za Kijuma yalichunguzwa na Mohamed Abou Egl katika tasnifu yake ya mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha London. Mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walichapisha maandishi yake kutoka katika karatasi za Dammann na mikusanyo mingine.

Barua na ushairi

Katika pwani mpaka kati ya barua na shairi haukuwa mkali. Washairi walijibizana kwa beti zilizopelekwa kwa mkono, na jibu likarudi kwa bahari na vina vilevile. Mpokeaji alipata habari pamoja na changamoto.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, umejengwa kama mawaidha ya mama mgonjwa kwa binti yake, Mwana Hashima. Mwanzoni mama anamwita binti asogee na kumtaka alete wino na karatasi. Kwa hiyo utungo mmoja mashuhuri kuliko yote yaliyotungwa na mwanamke wa pwani unaanza kwa vifaa vya barua. Baadaye ulinakiliwa na kusomwa na wengi, lakini haukupoteza umbo la maneno ya mtu mmoja kwa mtu mmoja aliye karibu naye.

Bagamoyo na kuingia kwa herufi za Kilatini

Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara na kituo cha kuvukia Zanzibar, hivyo ulikuwa mji wa barua. Chini ya utawala wa Wajerumani huduma ya posta ilianza huko mwaka 1890. Wajerumani wenyewe walihitaji kusoma barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha mjini Berlin mkusanyo wa maandishi ya namna hiyo pamoja na unukuzi wa Kilatini na tafsiri. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa kitabu cha kufundisha hati hiyo.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetoka Dunda karibu na Bagamoyo, alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1900. Ndiye mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Velten mwaka 1903. Msomaji wa kitabu hicho husikia sauti ya Mtoro vizuri sana, lakini hukutana na herufi za chapa tu. Mkono wake hauonekani.

Shule za serikali na za misheni zilieneza herufi za Kilatini. Baada ya usanifishaji wa Kiswahili katika miaka ya 1930, hati ya Kiarabu ilibaki zaidi katika vyuo vya Kurani, kwa wazee na kwa washairi.

Katika vijiji vya wilaya ya Bagamoyo vilivyo mbali kidogo na bahari, kama Fukayosi kwenye njia ya kwenda Msata, barua ya mkono ya herufi za Kilatini iliendelea kuwa chombo kikuu cha mawasiliano hadi simu za mkononi zilipoenea. Kama sehemu nyingi za Tanzania, barua ilipelekwa kwa S.L.P. ya shule au ya taasisi, au alikabidhiwa mtu anayepanda basi. Barua hizo zilikuwa na kanuni zake: salamu, kisha taarifa kwamba mwandishi ni mzima wa afya na wasiwasi ni juu ya mwenzake, kisha madhumuni ya barua. Muundo wa zamani wa jenabu na salamu ulikuwa bado unasikika ndani yake. Vijana walipamba kwa kalamu za rangi, wakachora maua pembezoni na kuandika jina la mpenzi kwa herufi za mapindo. Si kila mmoja wao alikuwa msanii, lakini wote walijua kwamba karatasi iliyopambwa inasema zaidi ya maneno yaliyomo.

Barua za Shaaban Robert

Shaaban Robert (1909–1962) wa Tanga, mshairi na mwandishi mashuhuri, alifanya kazi ya ukarani serikalini kwa miaka mingi, ikiwemo idara ya forodha Pangani. Barua zake kwa ndugu yake Yusuf Ulenge zilihifadhiwa na kuchapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002 kwa jina Barua za Shaaban Robert 1931–1958. Zinamwonyesha mwandishi nje ya vitabu vyake, akiwa ndugu anayewasiliana na ndugu.

Uhusiano wa namna hiyo unajulikana pia kwingineko. Mchoraji Vincent van Gogh wa Uholanzi ameacha barua zaidi ya 800, nyingi kati yake kwa ndugu yake Theo. Katika baadhi yake alichora picha aliyokuwa akiifanyia kazi katikati ya maneno, ili ndugu yake aione kabla haijakauka rangi. Katika hali zote mbili barua zimebaki kwa sababu mpokeaji hakuzitupa.

Kinachopotea katika chapa

Barua inapochapishwa kitabuni maneno yake hupona na kuwafikia wengi. Hilo ni faida kubwa. Lakini ukubwa wa herufi, maneno ya pembeni, rangi ya wino, sehemu zilizofutwa na mikunjo ya karatasi huondoka. Kwa barua ya herufi za Kiarabu hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa anayenukuu hulazimika kuchagua sauti moja pale ambapo hati iliacha mbili. Mwanafunzi anayesoma unukuzi anasoma tayari uamuzi wa mtu mwingine. Kwa hiyo watafiti hupendelea kuchapisha picha ya barua yenyewe kando ya unukuzi.

Uhifadhi

Barua za Kijuma zimehifadhiwa London, katika chuo cha SOAS, na Ujerumani. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa miswada ya Kiswahili na Kiarabu, ambao orodha yake iliyotayarishwa na J. W. T. Allen ilichapishwa mwaka 1970. Zanzibar nayo ina nyaraka za taifa zenye barua nyingi.

Mikusanyo ya Ulaya ina barua ambazo Wazungu walizipokea. Barua ambazo wasanii wa pwani waliwaandikia wake zao, waume zao, watoto na marafiki zilibaki nyumbani, katika masanduku na ndani ya vitabu. Humo adui zake ni mchwa, unyevu wa bahari na wino unaokula karatasi. Adui mwingine ni kutosomeka: mjukuu asiyejua Kiswahili kwa hati ya Kiarabu hudhani barua ya bibi ni kisomo au dua, akaihifadhi bila kujua imesema nini, au akaichoma kwa heshima kama karatasi ya Kurani iliyochakaa.

Familia yenye barua za namna hiyo inaweza kuzilinda kwa njia rahisi: kuziweka mahali pakavu na penye kivuli, kutozibandika kwa gundi wala utepe, kutozikunja upya mahali papya, kuzipiga picha pande zote mbili pamoja na upande wa nje wenye jina, na kumsomea mzee anayejua hati hiyo angali hai, huku jina la mwandishi na la mpokeaji vikiandikwa kwenye karatasi nyingine.